Futi Kumi kwa Kumi: Kabla ya Kulipia Chumba Mbita

Mwalimu aliyepata barua ya uhamisho, muuguzi anayeanza kazi, kijana anayekuja kufanya utafiti katika kituo cha ICIPE, mama anayehamia ufuoni mwa Ziwa Victoria kufuata biashara ya omena, dagaa wa ziwani: wote hufika Mbita na swali moja mdomoni. Chumba ni pesa ngapi? Ni swali la haki, ila halitoshi. Wanaoliuliza peke yake ndio hao ambao baada ya miezi mitatu utawaona wanabeba godoro juu ya pikipiki, wanahama tena, na amana ya mwanzo wameiacha huko.

Nitaanzia mbali kidogo, Japani. Msomaji wa Mbita hatashangaa sana, maana Wajapani si wageni hapa. Chuo Kikuu cha Nagasaki, kupitia taasisi yake ya magonjwa ya nchi za joto, kimefanya utafiti Mbita kwa miaka mingi pamoja na KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wapo vijana wetu wanaokwenda huko kusoma kwa ufadhili. Japani ni nchi ambayo watu wake wamezoea kukaa katika vyumba vidogo na kuvilipia pesa nyingi. Kwa hiyo wamejifunza kukipima chumba, kukihesabia gharama zake zote na kuuliza maswali ambayo sisi mara nyingi tunaona haya kumuuliza mwenye nyumba.

Ukubwa kwanza. Mjapani hupima chumba kwa mikeka ya tatami. Katika matangazo ya nyumba mkeka mmoja huhesabiwa kuwa na angalau mita za mraba 1.62, na chumba cha kawaida cha mtu mmoja ni cha mikeka sita, yaani karibu mita za mraba 10. Sasa chukua chumba cha kawaida cha ploti zetu, kile tunachokiita singo, futi kumi kwa kumi. Hesabu inatoa mita za mraba 9.3. Chumba cha kulala cha mwanafunzi wa Nagasaki na singo ya Mbita vinakaribia kulingana kabisa.

Tofauti imo katika vile vinavyokizunguka chumba. Yule mwanafunzi, nje ya mikeka yake sita, ana jiko dogo, bafu, choo na kabati la ukutani, vyote ndani ya mlango wake mmoja, kiasi kwamba nyumba nzima inafika mita za mraba 20 au 25. Serikali ya Japani imeweka mita za mraba 25 kuwa kiwango cha chini cha mtu mmoja kuishi kwa afya. Kwa familia wanatumia kanuni nyepesi: zidisha idadi ya watu kwa 10, kisha ongeza 10. Watu wanne wanahitaji mita za mraba 50. Singo yetu inamaliza kila kitu ndani ya mita tisa: kulala, kupika, kula, kupokea wageni, watoto kufanya kazi ya shule. Choo na bafu viko nje, vya ploti nzima.

Sisemi haya ili mtu akidharau chumba chake. Watu wazuri wamelelewa katika singo na wataendelea kulelewa humo. Nasema ili ujue unachokilipia. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, huhesabu nyumba kuwa na msongamano watu zaidi ya watatu wanapotumia chumba kimoja. Basi kama mko wanne, na uwezo upo wa kuongeza shilingi elfu moja au mbili kupata vyumba viwili vya kawaida vyenye choo cha nje, chukua hivyo viwili kabla ya kukimbilia bedsita ya vigae yenye choo ndani. Watoto wanaokua wanahitaji ukuta kati yao na wazazi kuliko wanavyohitaji vigae.

Nenda na futi kamba. Fundi anaposema kumi kwa kumi, mara nyingi amepima kwa nje. Ukitoa unene wa tofali, nusu futi kila upande, ndani unabaki na futi tisa kwa tisa: umepoteza karibu moja ya tano ya chumba kabla hujaingiza kijiko. Kitanda cha nne kwa sita kitakula zaidi ya robo ya nafasi iliyobaki. Kwa hiyo pima ndani, ukutani hadi ukutani, pima na upana wa mlango, kisha urudi nyumbani upime kitanda, meza na viti vyako. Watu wengi sana wameuza makochi kwa bei ya kutupa kwa sababu hayakupita mlangoni.

Hesabu ya pesa ndiyo inayowaumiza wengi, kwa hiyo tuifanye polepole. Chukua mfano wa nyumba mbili. Ya kwanza ni ya shilingi 2,500, iko mbali na kazi yako na haina maji. Ya pili ni 4,500, iko karibu na mji, na mfereji uko uani. Ukisikiliza kodi tu, utakimbilia ya kwanza. Sasa ongeza. Maji: mitungi minne ya lita 20 kwa siku, tuseme shilingi 10 mtungi, ni 1,200 kwa mwezi. Bodaboda: 50 kwenda na 50 kurudi kwa siku 24 za kazi, ni 2,400. Ile nyumba ya bei rahisi imefika 6,100. Ile ya pili, hata ukilipa bili ya maji ya 300, inasimama 4,800, nawe unatembea kwa miguu. Tofauti ni 1,300 kila mwezi, au 15,600 kwa mwaka. Weka bei zako mwenyewe mahali pa hizi zangu, maana mtungi wa maji bei yake hubadilika mtaa kwa mtaa na msimu kwa msimu. Njia ya kuhesabu ni ileile.

Kuhusu umbali, Wajapani wana utaratibu ningependa tuuige. Tangazo la nyumba likisema ni dakika kumi kutoka stesheni, kila dakika lazima iwe imehesabiwa kwa mita 80 za kutembea, si kwa matumaini ya mwenye nyumba. Huku kwetu kila nyumba iko "hapo tu". Basi tembea mwenyewe kutoka steji, au kutoka kivukoni kama kazi yako inakupeleka Mfangano au Luanda Kotieno, na utembee ukiwa na mzigo, saa ileile utakayokuwa ukirudi kutoka kazini. Anayefikiria kuvuka daraja akapange kisiwani Rusinga, kwa sababu kuna utulivu, aweke nauli ya kila siku katika hesabu kabla hajavutiwa na upepo wa ziwa.

Umeme nao uulizwe kwa maneno yaliyo wazi: meta ni ya nani? Kama kila chumba kina meta yake na unanunua tokeni zako, vizuri. Kama meta ni moja ya ploti nzima, ulizia bili inagawanywa vipi, na nani kati ya majirani ana friji au anachomelea vyuma. Mpangaji mwenye taa moja na simu halafu anagawana bili sawa kwa sawa na kinyozi anamsaidia kinyozi kufanya biashara.

Sasa jambo ambalo ni la Mbita hasa. Japani mpangaji mwenye akili huuliza jengo lilijengwa kabla au baada ya Juni 1981, kwa sababu mwezi huo ndipo masharti mapya ya kustahimili matetemeko ya ardhi yalipoanza kutumika. Hapa tetemeko letu ni ziwa. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kupimwa, yakaingia majumbani, mashambani na katika masoko ya samaki kando ya ziwa, na mwaka 2024 yakapanda tena. Kwa hiyo uliza: mwaka 2020 maji yalifika wapi? Usimuulize mwenye nyumba peke yake. Muulize mama anayeuza samaki jirani, au mzee wa kijiji, na uangalie ukuta wenyewe. Alama ya unyevu iliyopanda sawasawa kwenye kuta zote, rangi inayobambuka chini tu, choo cha shimo kilichojengwa hatua chache kutoka majini: hizo ni dalili za kukufanya uondoke, hata kama dirisha linatazama machweo.

Maji ya ziwa pia yana kichocho, na kipindupindu kimewahi kupita katika vijiji vya ufuo. Nyumba ambayo itakulazimu kuoga na kufua ziwani kila siku ina gharama ya hospitali iliyofichwa ndani ya kodi yake. Mwenye nyumba aliyeweka matangi ya kuvuna maji ya mvua chini ya mabati yake anastahili kuongezwa mia tano bila malalamiko.

Halafu mbu. Hapa ninaomba uvumilivu, maana nina la kusema. Kati ya 2012 na 2015, kisiwani Rusinga, ICIPE pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi waliweka katika nyumba mitego ya mbu inayoendeshwa kwa nguvu ya jua na kutumia harufu inayofanana na ya binadamu. Paneli hizohizo ziliwapa wenyeji taa na chaji ya simu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016, maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa karibu asilimia 30 katika maeneo yaliyokuwa yamepata mitego kuliko yale yaliyokuwa bado. Kwa anayetafuta chumba, mradi ule unamkumbusha kwamba vita dhidi ya malaria vinapiganwa nyumbani, usiku, wakati tumelala. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na mabati, kule juu. Inua macho. Ukiona mwanga wa mchana unapenya pale, mbu nao watapenya. Chumba chenye silingi na wavu madirishani kinalinda familia, na kinapunguza joto la mabati mchana. Kama chumba ni kizuri kwa mengine yote ila hakina silingi, zungumza na mwenye nyumba: wewe ununue wavu na mbao nyembamba, yeye akukatie kodi ya mwezi mmoja. Wengi hukubali, kwa sababu kazi hiyo inabaki kwake. Tena chandarua kiwe juu ya kitanda. Watafiti wa Nagasaki na wenzao waliandika mwaka 2008 kwamba katika vijiji vya wavuvi huku kwetu vyandarua vilikuwa vinaanikiwa omena. Omena ni riziki, najua, lakini nyavu za kuanikia zinauzwa. Mtoto aliyelala bila chandarua yuko hatarini zaidi.

Mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Jiko la makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na huwaua watu wakiwa usingizini hasa usiku wa mvua wanapofunga kila kitu. Kama singo yako haina dirisha la pili, pikia mlangoni au nje, au anza kuweka akiba ya mtungi mdogo wa gesi na bado uache dirisha wazi.

Ndani ya chumba kidogo, mali kubwa ni sakafu. Familia nyingi za Kijapani hukunja godoro asubuhi na kulitia kabatini, chumba cha kulala kikawa cha kulia chakula. Sisi tuna pazia linalokata chumba mara mbili, nalo ni ujuzi wa kweli. Ongeza rafu za juu ukutani, kitanda kilichoinuliwa ili masanduku yakae chini yake, na meza ya kukunja. Lakini usitoboe ukuta kabla ya kuuliza.

Hilo linatuleta kwenye amana. Kwetu desturi ni kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja, na wakati mwingine amana ya maji au umeme. Kwa nini amana hairudi? Mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyeandika chumba kilikuwaje. Japani walizozana juu ya jambo hili kwa miongo, hadi sheria yao ya madai iliyoanza kutumika Aprili 2020 ikaandika waziwazi kwamba mpangaji halipii uchakavu wa kawaida: rangi iliyopauka kwa jua, alama za miguu ya kabati sakafuni. Analipia alichokivunja mwenyewe. Hakuna kinachotuzuia kukubaliana vivyo hivyo. Siku ya kupokea ufunguo, piga picha kila ukuta, kitasa, soketi, kioo na sinki, uzitume kwa mwenye nyumba kwa simu siku hiyohiyo. Andikeni karatasi moja, hata kwa mkono: kodi kiasi gani, tarehe ya kulipa, amana kiasi gani na itarudi lini, nani anatengeneza nini. Lipa kwa M-Pesa hata kama mwenye nyumba ni jirani ya shangazi yako, na kama umelipa taslimu dai risiti. Usimtumie amana mtu uliyempata mtandaoni kabla hujaingia chumbani na kuzungumza na wapangaji waliopo.

Ukitaka kuhama, au ukiambiwa uhame, kumbuka kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012 notisi haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi cha upangaji wenyewe; anayelipa kila mwezi apewe mwezi, naye atoe mwezi. Kwa vyumba vya kodi isiyozidi shilingi 2,500, iko sheria ya zamani ya kudhibiti kodi yenye baraza lake, na mpangaji wa chumba kama hicho hatolewi bila amri ya baraza hilo. Kiwango hicho ni cha chini sana kwa bei za leo, lakini bado kinagusa singo nyingi za miji midogo kama huu wetu. Kung'oa mlango au mabati ili mpangaji atoke si njia ya kisheria ya kudai deni.

Wafanyabiashara wa omena wana shida yao ambayo mwenye mshahara haijui. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na kodi haifungwi. Mwenye nyumba aliyezaliwa Mbita anaujua msimu huo vizuri kama wewe. Zungumza naye Januari, pesa zikiwa bado mkononi: lipa miezi miwili mbele, au mkubaliane kwamba miezi ya kufungwa utalipa nusu na kumaliza deni kufikia Septemba. Likiandikwa mapema ni makubaliano. Ukisubiri Juni, utaonekana unatafuta kisingizio.

Neno kwa kijana aliyepata nafasi ya kwenda Japani. Usidhani kodi ya mwezi wa kwanza itakutosha. Tuseme chumba ni cha yeni 40,000, bei inayopatikana katika miji ya mikoani. Tokyo chumba cha mtu mmoja mara nyingi huanzia 60,000, na katika kata za katikati hupita 100,000. Kwa kile cha 40,000 unaweza kudaiwa kodi ya mwanzo 40,000, amana 40,000, na reikin 40,000, zawadi kwa mwenye nyumba ambayo hairudi kamwe. Wakala huchukua hadi kodi ya mwezi mmoja pamoja na ushuru, 44,000. Kampuni ya kukudhamini, tuseme 20,000. Bima ya moto, tuseme 15,000. Jumla ni yeni 199,000, karibu mara tano ya kodi, na kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka hii ya karibuni ni zaidi ya shilingi 150,000. Nyumba yenyewe huwa tupu, mara nyingi hata taa haina. Kwa hiyo omba bweni la chuo mapema kabisa, na ukikosa, tafuta nyumba zilizotangazwa kuwa hazina reikin, zipo nyingi. Uliza pia kama kuna ada ya kuhuisha mkataba kila miaka miwili, kwa sababu katika eneo la Tokyo ada hiyo ni ya kawaida.

Kwa wenye ploti, nina ombi. Mnajenga haraka kwa sababu wapangaji wapo, na sioni kosa katika biashara hiyo. Lakini futi mbili zaidi za urefu, silingi, wavu dirishani, tangi la maji ya mvua na choo kimoja cha ziada haviwi gharama kubwa wakati msingi bado unachimbwa, ila huwa ghali mno baada ya mabati kupanda. Ploti yenye hivyo haikai tupu. Wapangaji wake huitana wenyewe kwa wenyewe, na chumba kimoja kikiachwa Ijumaa, Jumatatu kuna mtu amesimama mlangoni na futi kamba yake.